Helikopta yako inaruka kwa taa za nani?

Kila nikiweka klipu ya helikopta, swali ni lile lile: "Kaka, ninunue pawa saplai ya wati ngapi?" Na kila mara kuna msee mmoja ashajibu kabla yangu: "Chukua ya 1200, hutajuta." Elfu moja mia mbili! Hajauliza unachaji betri gani. Hajauliza uko wapi. Hajauliza hiyo pawa saplai yenyewe itachomekwa kwenye nini.

Leo nabishana na huyo msee. Na nabishana naye kutoka Kiwayu, si kutoka Nairobi, kwa sababu Kiwayu ndipo ushauri wake uliponiabisha mbele ya watu wangu.

Kwa ambao hawajafika: Kiwayu ni kisiwa chembamba kule juu kabisa mwa Lamu, ukishapita Pate, unaelekea mpaka wa Somalia. Upande mmoja bahari kuu, upande mwingine mkono wa bahari uliotulia na bara ya Mkokoni ng'ambo. Vijiji viwili, Kiwayu na Chandani. Watu wavuvi, kamba na samaki. Mchanga, mwamba, upepo, na vilima ambavyo ukisimama juu unaona bahari pande zote mbili. Kwa mtu wa helikopta ni pepo. Ndiyo maana mnataka kwenda wote, naelewa. Lakini hakuna nguzo ya Kenya Power unayoiegemea ukisubiri mashua. Lamu mjini kuna laini ya taifa. Faza kuna stesheni yao ya dizeli. Nyumba nilizolala mimi Kiwayu zinaishi kwa sola: paneli juu ya paa, betri ndani, taa tatu, simu, redio, basi.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu huu ni umbea.

Betri ya helikopta kubwa kidogo, ile ya seli sita yenye miliampea-saa 5000, ina volti 22.2. Zidisha: wati-saa 111. Hiyo ndiyo chakula chake ikishiba. Chaja yenyewe inapoteza kidogo kama joto, tuseme asilimia 15, kwa hiyo ili ishibe inabidi uvute kama wati-saa 130 kutoka kule unakochomeka. Ukichaji kwa saa moja, mwishoni betri iko karibu volti 25 na unasukuma ampea 5, hiyo ni kama wati 126, na chaja inavuta karibu wati 150. Mia na hamsini! Msee wa 1200 aliitoa wapi 1200?

Nitakuambia alikoitoa. Aliitoa kwa watu wa Marekani na Ujerumani wanaochaji betri nne au sita kwa mpigo, kwa kasi mara mbili au tatu, wakiwa uwanjani au karakana, ili wakirusha moja nyingine iwe tayari. Ukichaji nne kwa pamoja kwa nusu saa unafika hiyo 1200, ni kweli kabisa. Na wao wamepata njia nzuri ya kuipata kwa bei ya kutupa: pawa saplai za seva. Vituo vya data vikibadilisha mashine, vile vyuma vinauzwa kwa kilo. Ile ya HP inayoitwa DPS-600PB inatoa volti 12 na ampea 47, wati 575 za kweli, si za kwenye stika. Unaunganisha pini zake mbili tatu inawaka, unatia soketi, umemaliza. Mimi ninayo moja nyumbani Mombasa na naipenda. Ni chuma cha heshima.

Kwa hivyo ukiwa mjini, una tokeni kwenye mita na soketi ya volti 240 ukutani, nitakuambia bila kupepesa: tafuta ya seva, iliyotumika, ya kampuni yenye jina, kuliko lile sanduku la bati lenye matundu wanalokuuzia Luthuli kwa taa za stripi na kamera. Lile sanduku stika inasema ampea 30. Likivuta 20 linanuka. Vichwa vya waya viko wazi, kidole cha mtoto kinaingia. Na ubavuni lina kiswichi kidogo cha 115 na 230. Kikija kimewekwa 115 na wewe ukachomeka kwa 240 yetu, utasikia mlio mmoja tu. Hutausikia wa pili.

Na ukitaka volti 24 kwa kufuatanisha mbili za seva, tafadhali, usimsikilize mtu anayekwambia "kata waya wa ardhi". Hasi ya volti 12 kwenye nyingi za zile imefungwa na bodi la chuma, na bodi imefungwa na ardhi, ndiyo maana ukiunganisha mbili kijinga unapiga shoti. Dawa yake ni kutenganisha upande wa volti 12 na bodi ndani ya ile ya pili, kazi ya fundi anayejua anachogusa. Ukikata ardhi umeiacha bodi isubiri mkono wako.

Haya. Hiyo ni mjini. Tatizo ni kuwa watu wanabeba ushauri wa mjini wanaupandisha mashua.

Nilifanya hivyo mimi. Nilienda Kiwayu kwa ami yangu na marafiki wawili, siku nne, na begi zima la vyuma. Helikopta, betri nane, chaja, ile pawa saplai ya seva, na inveta ya wati 1000 tuliyoazima, kwa sababu pawa saplai inataka umeme wa ukutani na nyumba ya ami haina ukuta wa aina hiyo. Tukaunganisha inveta kwenye betri yake, ile kubwa ya asidi ya ampea-saa 100. Tukachomeka pawa saplai kwenye inveta. Tukachomeka chaja kwenye pawa saplai. Feni mbili zinavuma sebuleni, tunajiona mainjinia.

Hebu fuateni huo umeme na mimi. Unatoka kwenye betri ukiwa volti 12. Inveta inaupandisha uwe 240, inakula sehemu yake. Pawa saplai inaushusha tena uwe volti 12, inakula sehemu yake. Volti 12! Ile ile tuliyoanza nayo! Kisha chaja, ambayo tangu mwanzo ilikuwa inataka volti 12 tu, ndiyo inaanza kazi. Ni kama kutoa maji kisimani, kuyapandisha juu ya mnazi, kuyateremsha, halafu kuyatia kwenye mtungi uliokuwa pale pale kando ya kisima. Na kila hatua yamemwagika. Ile betri moja ya helikopta iliyotaka wati-saa 130 sasa inakula kama 175.

Sasa betri ya ami. Ampea-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1200 kwa karatasi. Lakini betri ya asidi hushushi hadi chini, ukiipenda unatumia nusu. Mia sita. Mia sita kwa 175 ni betri tatu. Sisi siku ya kwanza tulichaji tano, na ya tano tuliichomeka magharibi, jua limeshaaga.

Saa mbili usiku, inveta ikalia, ikanyamaza, na nyumba yote ikawa giza.

Ami alikuwa anashona wavu. Hakusema neno. Mke wa ami akainuka akatafuta kandili, akaipata, akaiwasha, akaiweka kando ya wavu, akarudi alikoketi. Mimi nikaanza maelezo, "Ami, ni inveta tu, kesho jua likitoka..." Akaniambia, "Si kitu, mwanangu." Kisha akauliza kama simu yake imeshachaji, kwa sababu alfajiri alikuwa ajulishane na mwenye mashua. Ilikuwa na asilimia tisa.

Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Na hapa kuna kitu ambacho hakuna klipu iliyowahi kuniambia. Inveta nyingi za bei zetu huzima zikifika karibu volti 10.5. Watu wanadhani ule mlio ni wa kuilinda betri. Volti 10.5 kwa betri ya asidi si onyo, ni matanga. Imeshakufa, wewe unapigiwa simu ya kupewa pole. Ukiifikisha hapo mara kadhaa, hairudi kama ilivyokuwa. Ya ami haikurudi. Miezi michache baadaye ilikuwa haifiki nayo usiku wa manane, na nilichangia nyingine, na betri ya kilo karibu thelathini haiji Kiwayu kwa kubonyeza simu. Inapanda basi, inashuka Mokowe, inapanda mashua, inabebwa begani kwenye mchanga. Yote kwa sababu nilitaka dakika tano tano za kuzungusha helikopta kichwa chini miguu juu.

Dakika tano. Hesabu hii ndiyo inayonikaa kooni. Betri moja ya seli sita inarusha helikopta kama dakika tano, ukicheza kwa fujo hata hazifiki. Taa za ami ni tatu, za wati 5, zinawaka kama saa nne kila usiku: wati-saa 60. Kwa hivyo zile wati-saa 130, hata bila upotevu wa inveta, ni usiku mbili za mwanga za nyumba nzima. Betri moja, dakika tano, usiku mbili. Tulikuwa nazo nane.

Najua mtakalosema, kwa sababu nilishalisema. "Nitawalipa." Sawa, lipa, usiache kulipa. Lakini saa mbili usiku hakuna duka la jua. Ukimpa ami noti ya elfu gizani amekuwa mtu mwenye elfu gizani. "Basi nabeba jenereta." Ee. Petroli inayofika kule imepanda mashua ndani ya jerikeni na bei yake imepanda nayo. Jenereta ndogo ikibeba mzigo mdogo wa wati 150 haipunguzi kunywa kwa kiasi hicho, inaunguza petroli kuzungusha upepo tu. Umeme wa zile za bei ya chini unapanda na kushuka kama mashua ya kusi, na pawa saplai haipendi. Halafu kelele! Umeenda mahali ambapo sauti kubwa kuliko zote ni adhana na mawimbi, unawasha pikipiki isiyokwenda popote, saa nne mfululizo.

"Basi nanunua pawa stesheni, lile boksi la wati-saa 1000 lenye soketi zote." Hilo walau ni lako, halimzimii mtu taa, sina ugomvi nalo. Ila utalipandisha vipi? Watu wengi wa Nairobi wanaenda Lamu kwa ndege, wanashuka Manda. Kanuni za ndege za abiria kuhusu betri za lithiamu ni hizi: hadi wati-saa 100, beba mkononi. Kati ya 100 na 160, uombe ruhusa ya shirika, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160, hapana. Boksi lako la 1000 litabaki kwa meza ya ukaguzi. Na angalia tena zile betri zako za helikopta: 111 kila moja. Zimo kwenye lile kundi la kuomba ruhusa, mbili tu. Nane zangu zilipanda basi, ndiyo sababu.

Sasa niseme ninachotetea mimi, maana kulalamika ni rahisi.

Chaja nyingi za helikopta zina waya wa kuingiza umeme wa betri moja kwa moja, wa kuanzia kama volti 11 hadi 18, na kubwa zinapokea mpaka karibu 30. Soma mgongo wa yako. Hiyo maana yake ni kuwa Kiwayu huhitaji pawa saplai. Pawa saplai ya Kiwayu ni betri na paneli. Acha chuma cha seva Mombasa, acha inveta kwa mwenyewe. Na bahati nzuri, maana ile feni yake ingekula mchanga na hewa ya chumvi siku nne, sijui kama ingerudi inazunguka.

Kisha uwe na betri na paneli zako mwenyewe. Mimi sasa nina betri ya lithiamu chuma, ile ya LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 50. Ni wati-saa 640, na tofauti na ya asidi unaweza kutumia karibu yote. Inanipa betri nne za helikopta bila kumgusa mtu. Nzito kama gunia dogo la unga, inabebeka. Inaenda kwa basi mpaka Mokowe. Paneli ya wati 100 ya kukunja. Waya mfupi na mnene kutoka betri hadi chaja, sio ule wa spika, kwa sababu kwa volti 12 ampea zinakuwa nyingi na waya mwembamba unageuka hita. Fyuzi karibu na chanya. Na usivute kutoka kwenye tundu la mzigo la kontrola, lile limetengenezewa taa, vuta kutoka kwenye betri yenyewe.

Ndani ya mipangilio ya chaja kuna mahali pa kuweka kiwango cha chini cha volti za kuingia. Karibu kila mtu anakiacha kilivyokuja kiwandani. Ukilazimika kuchaji kwa betri ya asidi ya mtu, na ni kwa ruhusa yake, kiweke volti 12. Chaja itasimama yenyewe kabla hujamwibia usiku wake. Hiyo ni sekunde kumi za kubonyeza, na ingeokoa betri ya ami.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, na hapa ndipo msee wa 1200 atanichukia: chaji polepole. Weka ampea 2.5 badala ya 5. Itachukua saa mbili na kitu badala ya moja. Kwa mwendo huo chaja inavuta kama wati 75 tu, ampea sita hivi, na wati 75 ndiyo kiasi ambacho paneli ya 100 inatoa kweli kweli jua likiwa utosini. Unaelewa maana yake? Umeme unatoka kwenye jua unapita moja kwa moja hadi kwenye helikopta, betri ya katikati inatazama tu. Kati ya saa nne na saa tisa mchana unapata betri mbili bila deni. Na kwenye sola nyingi za nyumbani, betri ikishajaa mchana kontrola inaukata umeme wa paneli, jua linapiga bure. Hilo jua la bure ndilo lako. La magharibi si lako. La masika, wiki ya mawingu, si lako kabisa, tembea ufukweni.

"Saa mbili kusubiri?" Ndugu yangu, uko Kiwayu. Unakimbilia wapi? Ulikuja na ratiba ya mikutano?

Na punguza ukubwa wa kile unachobeba. Helikopta ya daraja la 450 inatumia betri ya seli tatu, miliampea-saa 2200. Ni wati-saa 24, ukihesabu upotevu wa chaja 29. Hiyo ni kama kuchaji simu mbili. Inaruka karibu dakika zile zile. Kwa umeme wa betri moja ya kubwa ninarusha ndogo mara nne. Klipu yangu iliyopendwa zaidi ni ya ile ndogo, hakuna aliyeniuliza ni daraja gani.

Kuhusu wapi pa kuchajia, sitacheka. Hizi betri tunaziita LiPo, na kwa Kiswahili inasomeka vizuri: lipo, lipo, mpaka siku halipo. Ikitobolewa, ikivimba, ikipewa umeme kupita kiasi, inatoa moto wa kuruka ambao ndoo moja haiutulizi. Sasa angalia juu. Makuti. Angalia nyumba ya jirani. Makuti. Na upepo wa bahari kuu hausimami. Mtu anayechaji LiPo kitandani ndani ya banda la makuti ilhali yeye ameenda kuogelea, hana tofauti na aliyeacha jiko limewaka juu ya mkeka, na hilo halihusu pawa saplai gani amenunua. Mimi nachajia nje, kwenye mchanga mtupu, kivulini, betri ndani ya chungu, nimekaa hapo hapo na kofia. Iliyovimba hairushwi na haichajiwi, na haitupwi baharini wala haifukiwi, inarudi nami bara. Na zisizotumika siachi zimejaa kwenye joto lile, nazishusha volti 3.8 kwa seli. Zinadumu.

Kabla hujapanga safari kuna la kibali pia. KCAA ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, uliza kwanza chako kinaingia wapi. Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ambayo iko chini ya KWS, na ukanda ule wote una vikosi vya usalama ambao hawatacheka wakiona kitu kinazunguka angani bila taarifa. Na wazee wa kijiji. Mimi mzee ndiye ninayeanza naye, maana yeye ndiye anayejua ndege wanataga wapi na mashua zinarudi saa ngapi. Mkinyimwa, mmenyimwa. Rudisha begani.

Mnajua kinachoniudhi hasa? Si msee mmoja na 1200 yake. Ni kuwa tumejifunza huu mchezo wote kutoka kwa watu ambao umeme kwao ni kama hewa, upo tu ukutani, hauna mwenyewe. Kwa hivyo hata maswali tumeyakopa kwao. Wati ngapi, ampea ngapi, dakika ngapi. Hakuna anayeuliza umeme ni wa nani, kwa sababu kwao haulizwi. Kisiwani unaulizwa. Una jina na una nyumba. Watoto wa Kiwayu walikuwa wanatengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na mawimbi, na kutoka huko mwishoni mwa miaka ya 1990 ikazaliwa kazi ya kugeuza ndara kuwa sanaa ambayo sasa inajulikana duniani. Hawakuwa na pawa saplai. Walitazama kilichokuwepo ufukweni wakauliza kinafaa kwa nini. Sisi tunashuka mashuani na orodha ya vitu ambavyo havipo, halafu tunavitafuta ndani ya nyumba ya mtu.

Safari ya mwisho nilifika na vyangu. Siku ya pili, saa sita hivi, ami alikuja akasimama juu ya chungu changu akaangalia namba za chaja zikipanda. Akauliza, "Hii inakula kwangu au kwako?" Nikamwambia, "Kwangu, Ami." Akaketi. Kidogo akauliza kama ile paneli yangu ina nafasi ya kuchaji simu yake pia, maana ya juu ya paa ilikuwa inajaza betri. Ilikuwa nayo.

Sasa kama unapanga kwenda Disemba na unataka urefu wa waya, ukubwa wa fyuzi na namna ya kuweka ile volti 12 kwenye chaja yako, niandikie, nitakupa yote bure. Lakini usianze na wati ngapi. Anza kwa kuniambia utalala kwa nani, na utachaji saa ngapi.